Mahpara Anatazama Chini

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baji, mwenye filamu yetu ya katuni, amerudi kutoka Lahore! Ameingia na sanduku moja na kikohozi kikubwa. Kabla hata ya kuvua koti akauliza: michoro iko salama? Nikasema iko salama. Halafu nikaenda stoo kuhakikisha, maana nilijibu kabla ya kutazama.

Iko salama. Nilijua iko salama. Lakini ndivyo nilivyo.

Ameleta sauti. Miezi yote hii tulikuwa tunachora watu bubu. Sasa bibi wa filamu ana sauti, na mjukuu wake Mahpara ana sauti. Amezirekodi huko kwa sababu filamu ni ya Kiurdu na anataka Kiurdu cha mtaa wa bibi yake mzaa baba, sio hiki cha Fordsburg alichokulia yeye, ambacho anasema kimeshachakachuliwa na Johannesburg. Nikamwambia hata Kiswahili changu cha Bukavu kimeharibika hapa, taa za barabarani nasema robot, duka dogo nasema spaza, mpaka kwenye maombi. Akacheka hadi kikohozi kikamrudia.

Nilimkosa sana. Sikumwambia.

Shangazi ninayekaa naye pia anamwita Baji, akidhani ndilo jina lake. Nilipomweleza kwamba kwao ni kama kusema dada mkubwa, akapenda. Akasema basi hata miye nitamwita hivyo hivyo, dada mkubwa wangu aliyezaliwa nyuma yangu.

Baridi leo, eish. Exaucé anachora amevaa glavu alizozikata vidole. Hita ya gesi tumeisogeza mbali na meza kwa sababu karatasi zinajikunja. Kwa hiyo karatasi ziko sawa, sisi ndio tunaoganda.

Keshokutwa tutatazama wote onyesho la chai. Exaucé amelichora Mei nzima, Baji akiwa safarini. Nadhani ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na huyu ni mtu aliyeanza kwa kuchora vichwa vya nywele kwenye kuta za saluni za Hillbrow. Karatasi zote nimezitia namba mimi. Siku moja nilishika rundo dogo, nikaachia karatasi moja moja, haraka, kwa kidole gumba kama anavyofanya yeye — na Mahpara akapumua! Mabega yakapanda, yakashuka. Penseli tupu! Nikarudia, nikarudia, mpaka Exaucé akasema: weye karani, utanichoshea mtoto.

Jumatano, 4 Juni 2025

Niandike kama ilivyokuwa, bila kuongeza.

Tulizima taa tukakaa mbele ya ukuta mweupe. Baji, Exaucé, Emery yule mchoraji Mrundi, na wengine. Mimi nyuma, karibu na mlango, mahali pangu.

Onyesho lenyewe ni fupi. Mahpara ana miaka kumi na miwili. Anapanda ngazi na kikombe cha chai hadi juu ya paa, kwenye njiwa. Bibi yake amekaa kwenye kitanda cha kamba. Bibi ameshaamua kumpeleka Karachi akaishi kwa mjomba, mzigo umeshafungwa. Mtoto anatoa chai, kisha anasema haendi. Filamu yote imesimama juu ya neno hilo moja.

Mara ya kwanza ilipita kimya, bila sauti. Tukapiga makofi! Exaucé akasimama akainama kama wanamuziki. Baji hakupiga makofi. Akasema, weka sauti.

Sauti ya mtoto yule wa Lahore — kavu, wazi, kama mtu anagonga bati. *Nahin, Dadi. Main nahin jaungi.* Hapana, bibi. Siendi. Na pale ukutani Mahpara anayasema hayo macho yako sakafuni. Mkono wa kulia umeshika kikombe, wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. Magoti yamekunjwa kidogo. Sauti imesimama wima, mwili unaomba radhi.

Baji akauliza, kwa nini ameshika kiwiko?

Hakuna aliyeelewa swali. Kweli kabisa.

Exaucé akasema: si anampa bibi yake, Baji?

Baji akasema anaona kwamba anampa. Anauliza kiwiko.

Emery akasema: ulitaka ampe kwa mkono mmoja tu, kama anamrushia mbwa?

Baji akaeleza kwamba kwao mtoto anatoa kwa mkono wa kulia na inatosha, kiwiko kinabaki huru. Na mbona hamtazami bibi yake? Hapo Emery alishtuka kabisa. Amtazame mtu mzima machoni, na huku anamkatalia? Huyo si mtoto, huyo ni polisi.

Kicheko kikaanza kidogo kidogo, kisha chumba kizima. Watu wa Bukavu, watu wa Bujumbura, fundi wa skana wa Kigoma — wote tuliolelewa vizuri! Tumechukua mtoto wa Lahore tukampa adabu za kwetu, na hakuna hata mmoja aliyeona. Baji naye alicheka. Halafu akaacha. Akasema taratibu, huyu ndiye mtoto anayesema hapana. Lakini huyu wa ukutani hasemi hapana. Huyu anasema samahani.

Exaucé akasema yeye alichora alichokiona.

Na wote wakageuka kutazama mlangoni.

Kwa sababu alichokiona ni mimi. Mwezi Mei alinipa kikombe akaniambia panda ngazi, mpe bibi chai, mwambie huendi. Akanichukua video kwa simu ili achore akitazama. Ndivyo wanavyofanya kazi hapa, kila anayetembea kwenye filamu hii, mmoja wetu au mtu wa kwetu ametembea kwanza kwa niaba yake. Bibi anatembea kama mama wa Emery. Muuza barafu anatembea kama Exaucé mwenyewe, amejaa majivuno. Na Mahpara ni mimi. Hakuna aliyenilaumu. Baji alipita akaniwekea mkono begani. Afadhali wangenilaumu.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Exaucé amenitumia ile video ya Mei, na vikatuni vya kucheka. Nimeitazama kwenye taksi nikafunika simu kwa mkono.

Siku ile nilidhani naigiza msichana jasiri. Nilijisikia jasiri! Na mbele yangu hapakuwa na mtu, kilikuwepo kiti tu. Nimekiinamia kiti.

Jumapili, 8 Juni 2025

Leo limetokea jambo, na mimi nilikuwepo na sikufanya kitu.

Baada ya ibada Bwana Enos alikuja tulipokaa. Ni Mkenya, mzee wa kanisa, anafanya uhasibu kwenye kampuni moja kule Sandton, mtu mwema, viatu vyake daima vinang'aa. Akasema ofisini kwao kuna nafasi. Msaidizi wa mahesabu. Inaanza Julai. Amemkumbuka Murielle, yaani mimi, kwa sababu Murielle amesoma na ametulia. Nilete vyeti vyangu Jumapili ijayo, amwone navyo bosi wake kabla ya wengine.

Akanigeukia. "Sasa, mrembo, unaonaje?"

Nikafungua mdomo.

"Atakuja," shangazi akasema. "Amefurahi mpaka sauti imempotea."

"Sawa basi! Nitamwambia boss tumepata mtu."

Nikacheka vizuri. Nikampa mkono. Ndiyo — kiwiko nilikishika.

Shangazi alinitambulisha kwa nusu ya kanisa tukitoka. Huyu anaenda kufanya kazi Sandton. Huyu wa kaka yangu, ndiyo, huyu. Mama mmoja akaniombea hapo hapo kwenye mlango.

Nyumbani nilimtilia maji ya moto na chumvi kwenye beseni. Miguu yake imevimba tena. Akaiingiza pole pole akafumba macho. "Miye tangu uko na miaka tisa nimesimama nyuma ya vichwa vya watu," akasema. "Nasuka, nasimama. Nasuka, nasimama. Nataka nikuone umekaa, Murielle. Kwenye kiti chenye magurudumu, biro, ile ofisi yao, iko na joto, dirisha kubwa. Ile katuni yenu ikiisha, utafanya nini? Utachora miye?"

Nikasema hapana, nikacheka, nikamkanda miguu.

Hanidai kitu. Hajawahi kuniambia fanya hivi kwa sababu nilikulea. Ndiyo maana siwezi. Angekuwa mkali ningekwisha kusema zamani.

Nataka kubaki mpaka filamu iishe. Bado mwaka, labda na zaidi. Nataka kuwepo siku Mahpara atakapotiwa rangi. Naona aibu kuyaandika, mtu mzima anataka kuona katuni ikitiwa rangi. Lakini ndicho ninachotaka. Hapa karatasini inatoka bila shida.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Idi ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo leo Baji ameleta biriani ya mama yake kutoka Mayfair, sufuria imefungwa kwa taulo kama mtoto mchanga. Tumekula tumesimama kuzunguka hita. Emery aliuliza jina la kila kiungo. Kila tukisema hiki sisi tunakiita hivi, Baji anapiga meza: hata sisi! Chai ni chai. Dunia ni duniya. Exaucé akasema basi sisi ni ndugu, aongezewe nyama.

Mchana tukajaribu upya. Exaucé anasema haoni shida kuchora kila kitu tena, lakini lazima aone mwili mpya. Hawezi kuuvumbua. Wakaweka koti la Baji kwenye kiti, na skafu juu yake. Nipande, nitoe chai mkono mmoja, nimtazame, niseme.

Mkono mmoja niliuweza, baada ya kuambiwa nishike sketi kwa ule mwingine. Macho nilishindwa. Nikifika kwenye "nahin" yanaanguka yenyewe. Exaucé akasema kutoka nyuma ya simu: "Dada, hilo ni koti. Limenunuliwa Oriental Plaza. Halitakupiga."

Nilicheka, wote wakacheka, na bado nikashindwa.

Baada ya hapo Baji alikaa nami kwenye dirisha. Alidhani nina huzuni ya koti. Akaniambia siri ya kazi: hata yeye amekwama hapo. Hajui bibi anafanya nini baada ya mtoto kukataa. Ameandika bibi analia, akachana. Bibi anampiga kofi, akachana. Bibi anacheka, akachana. Mwaka mzima. Yeye mwenyewe alimkatalia bibi yake mara moja tu, kwa simu, na simu ikakatika. Hivyo hajawahi kuona uso.

Ungekuwa wakati mzuri wa kumwambia kwamba Julai sitakuwepo. Nilisema biriani ilikuwa tamu sana.

Kwa hiyo sasa nawadanganya pande zote mbili, na pande zote mbili wananilisha.

Jumatano, 11 Juni 2025

Nichekwe tu.

Mchana tulisikia wanaume wengi wanaimba barabarani, sauti nzito, miguu inapiga chini, wanakuja upande wetu. Hosteli ya wanaume, wanakotoka wanaotufukuza sisi wageni kila ghasia zikianza, ni hapo tu kona ya pili. Mimi peke yangu nilikuwa stoo. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikasukuma kabati, nikalaza masanduku ya michoro chini ya meza na kuyafunika kwa mazulia. Kisha nikajilaza juu yake. Nilijilaza juu yake!

Exaucé aligonga mpaka akachoka. Ilikuwa harusi. Bwana harusi alikuwa amebebwa mabegani, suti ya samawati, anagawa pipi. Kaniletea moja.

"Angalau tumejua," akasema. "Nyumba ikiungua, karani atabaki na katuni."

Baji hakucheka. Aliyatazama yale mazulia muda mrefu.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Leo Exaucé amekuwa bibi. Kajifunga skafu ya Baji, katia mito miwili kifuani, kakaa na kutetemesha kidevu. Nilimtazama machoni vizuri kabisa! Nikasema maneno yote. Tukatazama video: Mahpara anamkatalia mpumbavu. Haifai. Mtu akimkatalia mpumbavu hapotezi kitu.

Baji akasema Jumamosi anataka mtu mzima wa kweli. Mtu ambaye Murielle akimtazama, inagharimu.

Exaucé, bila hata kufikiri, na mito bado kifuani: "Si yuko Mama Clémentine? Shangazi yake. Miye mwenyewe namwogopa, na hanihusu."

Nikasema haiwezekani, Jumamosi ana wateja. Nikasema miguu yake, na ngazi zetu. Nikasema hajui Kiurdu. Nilikuwa nasema haraka sana. Baji alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, halafu akaniuliza saluni iko mtaa gani.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Baji amekwenda Bellevue mwenyewe. Hakupiga simu wala hakunituma. Kwao pia mtu mzima hafuatwi kwa simu.

Shangazi kanisimulia yote jioni, mara mbili. Baji aliingia saluni akakaa kwenye foleni kama mteja. Zamu yake ilipofika akasema hajaja kusuka, amekuja kumwomba dada mkubwa msaada. Shangazi akamwambia kwanza nishike hizo nywele, zimekauka hivyo kwa nini, hamna mafuta huko Mayfair? Akamsuka! Mistari miwili, ya nyuma. Hapo katikati ya kusukwa ndipo Baji akaomba.

"Ananitaka kwa sinema," shangazi akasema. "Wapo wasichana wazuri Johannesburg yote, ananitaka miye."

Nikasema ni katuni, watachora juu yake, sura yake haitaonekana.

"Sura haitaonekana lakini ni miye."

Siwezi kukataa kwamba ndivyo hasa.

Amepiga pasi kitenge cha Pasaka. Ameniuliza yule bibi wa filamu ni mtu wa namna gani. Nikasema ni mkali lakini anampenda mjukuu wake. Ameamua mambo ya mtoto bila kumuuliza.

"Kwani mtoto anajua nini," shangazi akasema, akainua pasi, akaitazama kama imetoka moshi.

Vyeti vyangu ameviweka tayari kwenye bahasha, juu ya Biblia. Kesho sinema, keshokutwa Enos.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Naandika nimekaa kwenye ngazi, chini ya studio, na penseli ya Exaucé ambayo sijui niliichukua saa ngapi. Wao wako juu. Mlango uko wazi.

Kwa utaratibu.

Tulifika asubuhi kwa Uber, Baji alitutumia. Shangazi alipanda ngazi akipumzika kila kona, akawasalimu wote mmoja mmoja, akauliza habari za mama zao. Akamwambia Emery amekwisha kwa wembamba. Akamwambia Exaucé amchukue kwa upande wa kulia, upande wa kushoto una jino bovu. Kisha akatazama ukuta wenye michoro. Bibi peke yake, ukurasa baada ya ukurasa, anawamwagia njiwa nafaka. Mimi nilisubiri aseme ni vitu vya watoto.

"Huyu miguu inamuuma," akasema. "Ona anavyolalia upande mmoja." Akamgeukia Exaucé. "Ni weye umechora? Uliona wapi?"

Exaucé akasema kwa mama wa Emery. Shangazi akaitikia kwa kichwa, kama fundi kwa fundi.

Wakamketisha kwenye benchi lenye mkeka. Baji akamweleza: dada, wewe umeamua aende. Anakuletea chai. Atasema jambo. Wewe usijiandae, fanya litakalokuja.

Mara ya kwanza nilimpa chai kwa mkono mmoja. Akaupima mwili wangu wote kwa jicho, juu mpaka chini. "Hivyo ndivyo nilivyokufundisha?" Wote wakaangua kicheko. Baji akamwomba avumilie, ni mtoto wa Lahore. "Aya. Wa Lahore," akasema, na akanywa kabisa. "Na sukari Lahore hamna?"

Mara ya pili niliangusha kijiko.

Mara ya tatu Baji alisimama nyuma ya shangazi na kuninong'oneza: mtazame yeye, usinitazame mimi. Nikamtazama.

Jicho lake la kushoto lina kidoa cha kahawia, kwenye weupe, karibu na pua. Kidogo kama punje ya ulezi. Ninakaa naye tangu nina miaka tisa. Nimemkanda miguu, nimemuuguza malaria, najua kila kitambaa chake. Sikujua kidoa hicho.

Nikasema maneno ya Kiurdu. *Nahin, Dadi.* Macho hayakuanguka! Shangazi akatabasamu kwa upole, kama mtu anayesemeshwa na mgeni kanisani. Hakuelewa hata neno, kwa hiyo uso wake haukuwa na cha kujibu. Exaucé akasema kwa Mahpara iko sawa, kwa bibi bado hakuna kitu.

Baji akasema: mwambie kwa lugha yenu. Mara moja tu, ili uso wake usikie.

Nilishuka, nikapanda tena na kikombe. Nikampa. Nikamtazama.

Nikasema: "Hapana, shangazi. Siendi."

Akakunja uso. Alikuwa anaigiza, na aliigiza vizuri, naapa. Akaweka kikombe gotini, akauliza kama bibi yeyote angeuliza:

"Huendi wapi?"

Na mimi, nikiwa namtazama bado, nikajibu.

"Kwa Bwana Enos."

Sikupanga! Mungu ananiona. Ndilo jibu lililokuwa linafuata. Nikaendelea, sauti si yangu, kavu: nataka kubaki hapa mpaka hii iishe. Nilipaswa kukwambia Jumapili. Nakushukuru kwa yote lakini siendi.

Hakulia. Hakucheka. Hakunipiga. Uso wake ulifanya kitu ambacho sijawahi kukiona na sijui jina lake. Ulikaa tu, ukawa mtupu, na midomo ikasogea kidogo kama anahesabu mistari ya nywele kwenye kichwa asichokijua. Akakitazama kikombe. Akakigeuza mshikio ukaja upande wake. Nilimwona Baji ameshika mdomo kwa mikono yote miwili.

Ndipo nikakimbia. Ngazi zote, mpaka hapa.

Sasa nasikia. Exaucé anauliza chini chini kama azime simu. Baji hajibu.

Shangazi ndiye anayejibu. "Uzime kwa nini? Yeye amesema lake, akakimbia. Miye sijasema langu."

Exaucé anasema atakuja kuniita.

"Acha. Nitamfuata mwenyewe. Weye chukua tu." Benchi limelia. "Lakini upande huu, nimekwambia."

Anashuka. Hatua, anapumzika. Hatua. Ile chai anayo bado, nasikia kikombe kwenye kisahani. Exaucé nyuma yake anamwambia polepole, mama, taa imeungua hapo. Ananiita kwa jina, Murielle, sio kwa ukali, au ni kwa ukali, kwenye ngazi sauti zote zinafanana. Ningeweza kufungua mlango wa barabarani, uko hapa mgongoni. Lakini kona ile ya pili ya ngazi ni mbaya na hawezi kushika ukuta akiwa na kikombe. Napanda kumpokea